Sponji Ukutani Haitoshi: Fahamu Nyenzo za Kunyonya Sauti Kabla ya Kununua

Mwenye baa akionywa kuhusu kelele, jambo la kwanza analofanya mara nyingi ni kununua sponji na kuigandisha ukutani. Kanisa hufanya vivyo hivyo, na studio ya kurekodi muziki pia. Wasio na pesa za sponji hutumia trei za mayai. Baada ya wiki chache jirani anarudi na malalamiko yaleyale, na mwenye biashara anashangaa, kwa sababu ametumia pesa na hata yeye mwenyewe anasikia kwamba ndani ya chumba sauti imebadilika.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea. Yanaeleza pia nyenzo mseto za polima, yaani plastiki, sponji au mpira uliochanganywa na nyuzi za mimea, chenga za matairi au madini, na kazi ambayo kila moja inaweza kufanya. Mwisho yanagusa jambo zito kuliko kelele yenyewe: sponji isiyofaa inaweza kugeuza ukumbi kuwa mtego wa moto.

Kunyonya sauti na kuzuia sauti ni kazi mbili

Sauti ikigonga ukuta, sehemu moja hurudi chumbani, sehemu nyingine humezwa na ukuta, na sehemu ya tatu hupenya hadi upande wa pili. Ile inayorudi ndiyo inayoleta mwangwi. Ile inayopenya ndiyo inayomnyima jirani usingizi.

Nyenzo ya kunyonya sauti hupunguza ile inayorudi. Ukiiweka, maneno husikika vizuri zaidi ndani na chumba hutulia. Nyenzo ya kuzuia sauti hupunguza ile inayopenya, na kinachofanya kazi hiyo hasa ni uzito. Kanuni ni kwamba ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 5 hadi 6.

Hebu tulinganishe. Sponji ya unene wa sentimita 5 ina uzito wa kilo moja hadi moja na nusu kwa kila mita ya mraba. Bati jembamba la kuezekea lina kilo 2 hadi 3. Ukuta wa mawe wa sentimita 20 hupita kilo 300. Anayebandika sponji kwenye ukuta wa mabati ameongeza uzito mdogo sana, kwa hivyo kelele inayotoka nje hupungua kidogo tu.

Dirisha lililo wazi ndilo mfano mzuri zaidi wa tofauti hii. Sauti ikitoka dirishani hairudi tena chumbani. Kwa aliye ndani, dirisha wazi "hunyonya" sauti yote inayolifikia, lakini kwa jirani dirisha hilo ndilo tatizo lenyewe. Vivyo hivyo, nyufa chini ya mlango na nafasi kati ya ukuta na paa huharibu kazi ya ukuta mzima. Ikiwa sehemu moja tu kati ya mia ya ukuta iko wazi, basi hata ukuta uliobaki uwe mzito namna gani, hautapunguza kelele kwa zaidi ya takriban desibeli 20.

Sauti humezwa vipi?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sponji nzuri ya kunyonya sauti ina vitundu vidogo vilivyounganishwa, na hewa inaweza kupita kutoka kimoja hadi kingine. Mtikisiko unapoingia, hewa husuguana na kuta za vitundu hivyo. Msuguano huo hugeuza nguvu ya sauti kuwa joto dogo sana ambalo mkono hauwezi kulihisi.

Ndiyo maana si kila sponji inafaa. Ile ambayo kila kitundu chake kimefungwa peke yake, kama ile nyeupe ya kufungia televisheni mpya, hairuhusu hewa kupita. Hiyo hunyonya sauti kidogo tu. Njia rahisi ya kutambua ni kupuliza: kipande cha sponji ya kunyonya sauti kitapitisha pumzi yako kwa shida kiasi. Kisipopitisha kabisa, au kikipitisha bila upinzani wowote, hakitafanya kazi vizuri.

Unene nao ni muhimu. Sauti nyembamba, kama ya filimbi au herufi "s", ina mawimbi mafupi. Sauti nzito, kama ya ngoma au besi ya spika, ina mawimbi marefu. Wimbi la sauti ya herzi 1000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, na lile la herzi 100 hufika mita 3.4. Sponji hufanya kazi yake vizuri zaidi ikiwa unene wake unakaribia robo ya wimbi. Kwa herzi 1000 hiyo ni sentimita 8 au 9. Kwa herzi 100 ni sentimita 85, unene ambao hakuna anayeweza kuuweka nyumbani. Kwa hivyo sponji nyembamba humeza sauti za juu na kuiacha besi, na besi ndiyo inayosafiri mbali usiku.

Trei za mayai, kwa sababu hiyohiyo, hazisaidii sana. Ni nyembamba, ni nyepesi, na umbo lake la vilima na mabonde halizuii sauti. Tena ni karatasi, na karatasi huwaka.

Kwa nini polima huchanganywa na vitu vingine

Sponji peke yake ina udhaifu wake: haina uzito, haishiki besi, na hutokana na mafuta ya petroli. Wataalamu wa nyenzo hujaribu kuyaondoa mapungufu hayo kwa kuichanganya na kitu kingine. Michanganyiko ifuatayo inafaa kufahamika, hasa kwa kuwa malighafi ya baadhi yake hupatikana hapa Kenya.

*Nyuzi za mkonge na usumba wa nazi.* Mkonge hulimwa katika kaunti kama Taita Taveta na Kilifi, na makumbi ya nazi hujaa pwani kila msimu. Nyuzi hizi zikichanganywa na sponji au zikishikanishwa kwa utomvu wa mpira, hewa hulazimika kupita njia zilizopindapinda kati ya nyuzi na vitundu. Msuguano huongezeka. Nyuzi hutikisika pia, na mtikisiko wake hufa ndani ya polima iliyozizunguka. Usumba uliotiwa utomvu wa mpira umetumika kwa miaka mingi katika magodoro na viti vya magari, kwa hivyo utengenezaji wake unajulikana. Udhaifu wake ni unyevu, kuvu, wadudu na moto, na ni lazima utiwe dawa.

*Chenga za matairi makuukuu.* Tairi ikisagwa na chenga zake kugandishwa kwa gundi ya polima, hupatikana zulia zito lenye vitundu. Mpira hujikunja na kujikunjua polepole, na kwa kufanya hivyo hula mtikisiko. Zulia la aina hii hufaa chini ya mashine. Kinu cha kusagia unga au jenereta ikikaa juu yake, mtikisiko unaopita kwenye sakafu na kuta hupungua. Matumizi haya ni bora kuliko kuchoma matairi hayo na kutia hewa moshi wa sumu.

*Chupa za plastiki.* Chupa za maji na soda zikiyeyushwa hufumwa kuwa nyuzi laini, na nyuzi hizo hushindiliwa kuwa vibao mfano wa blanketi gumu. Vibao hivyo hutundikwa ukutani au darini katika ofisi na madarasa. Havitoi vumbi la kuwasha, na fundi anaweza kuvikata kwa kisu.

*Plastiki iliyotiwa madini mazito.* Hii ni shiti laini iliyochanganywa na unga wa madini ili iwe nzito. Kazi yake ni kuzuia, kwa hivyo hainyonyi kitu. Ikiwekwa kati ya tabaka mbili za sponji au nyuzi, hupatikana ukuta wenye sifa zote mbili: tabaka la ndani hupunguza mwangwi, la katikati huzuia kelele kupenya, na la nje hutenganisha mtikisiko na jengo.

Mpangilio huu wa mwisho ndio unaoonyesha faida ya nyenzo mseto. Tabaka moja lenyewe haliwezi kufanya kazi zote, lakini yakipangwa kwa akili yanasaidiana. Hata nafasi ya hewa ina kazi. Kibao kikitundikwa sentimita 10 kutoka ukutani hushika sauti nzito zaidi kuliko kikigandishwa moja kwa moja, na nafasi hiyo haigharimu chochote.

Mfano wa darasa la chekechea

Tuchukue darasa la urefu wa mita 8, upana mita 7 na kimo mita 3. Ukubwa wake ni mita 168 za ujazo. Sakafu ni ya saruji, kuta zimepigwa plasta na dari ni ngumu. Nyuso zote kwa pamoja zina mita za mraba 202, na kwa wastani humeza asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga.

Mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, aliombwa mwaka wa 1895 kurekebisha ukumbi mmoja wa mihadhara ambao mwangwi wake uliwafanya wanafunzi wasimsikie mhadhiri. Alipima kwa kubeba mito ya viti na kuiingiza ukumbini kidogo kidogo, akatoa kanuni inayotumika hadi leo. Tukiitumia kwa darasa letu likiwa tupu, sauti huchukua takriban sekunde 4 na nusu kufifia kabisa. Neno la kwanza la mwalimu bado linavuma anapotamka la kumi. Watoto wakiingia, miili na nguo zao humeza sauti na muda huo hupungua, lakini nao huja na makelele yao.

Sasa tuweke darini mita 50 za mraba za vibao vinavyomeza asilimia 70 ya sauti. Muda huo hushuka hadi takriban sekunde 0.7. Kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa darasa tupu la ukubwa huu ni sekunde 0.6, kwa hivyo tumekikaribia. Kiwango cha kelele ndani ya darasa hupungua pia kwa desibeli 8 hivi. Mtoto anayejifunza kusoma, na mtoto asiyesikia vizuri, ndio wanaofaidika zaidi, kwa sababu ni vigumu kwao kukisia neno ambalo halikusikika.

Madarasa ya mabati yana shida nyingine: mvua. Kila tone hulipiga bati na kulitikisa kama ngozi ya ngoma. Tiba yake ni kulituliza bati lenyewe kwa kugandisha tabaka la mpira au lami upande wa chini, kisha kuweka dari yenye nyuzi juu yake. Dari peke yake husaidia pia, na huleta nafuu ya joto mchana.

Hatari ya moto

Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika klabu iitwayo The Station mjini West Warwick, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyokuwa ukutani. Sponji hiyo ya poliyurethani ilikuwa imewekwa kupunguza kelele zilizowasumbua majirani. Wachunguzi wa serikali walikadiria kwamba katika muda wa sekunde 90 hivi hali ndani ya ukumbi ilikuwa imefikia kiwango cha kuua. Watu 100 walikufa.

Miaka 10 baadaye, tarehe 27 Januari 2013, jambo lilelile lilitokea katika klabu ya Kiss, mjini Santa Maria nchini Brazil. Fataki iligusa sponji ya kunyonya sauti, na watu 242 wakapoteza maisha. Wengi wao waliuawa na moshi.

Poliyurethani ndiyo sponji ya magodoro ya kawaida. Ikiwaka bila kutiwa dawa, moto hukimbia juu yake kwa kasi, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi. Mtu huzirai kabla ya kuufikia mlango. Kwa hivyo sponji ya godoro haipaswi kubandikwa katika baa, kanisa, ukumbi, darasa au studio. Nyuzi za mkonge na usumba nazo huwaka zisipotiwa dawa. Pale ambapo watu wengi hukusanyika, nyenzo zisizowaka, kama nyuzi za glasi au za mawe yaliyoyeyushwa zilizofunikwa kwa kitambaa kinachostahimili moto, ni salama zaidi hata kama bei yake ni ya juu.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa kelele, kutoa leseni za vileo na kuendesha huduma za zimamoto.

Viwango vyenyewe vimo katika Kanuni za Kudhibiti Kelele na Mitikisiko ya kupita kiasi za mwaka 2009, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA. Mchana, kiwango cha juu ni hiki:

- Maeneo ya ibada na maeneo ya utulivu: desibeli 40
- Ndani ya makaazi: desibeli 45
- Nje katika mitaa ya makaazi: desibeli 50
- Mitaa yenye makaazi, biashara na burudani pamoja: desibeli 55
- Maeneo ya biashara: desibeli 60

Usiku, yaani kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, kiwango ni desibeli 35 katika maeneo haya yote.

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huwa imezidi mara kumi, na sikio huisikia kama imeongezeka takriban maradufu. Muziki wa klabu unaweza kufika desibeli 100. Kuushusha hadi 35 mpakani mwa jirani kunahitaji kupunguza desibeli 65. Hakuna sponji itakayofanya hivyo. Kunahitajika ukuta mzito, dari nzito, milango miwili yenye kuziba vizuri, mfumo wa hewa usiohitaji madirisha wazi, na mara nyingi kupunguza sauti yenyewe.

Wafanyakazi nao wana kinga yao. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 katika siku moja. Mwenye kinu au karakana anapaswa kulijua hilo.

Kabla ya kutoa pesa

1. Tambua tatizo lako kwanza. Ikiwa ni mwangwi ndani, tafuta nyenzo ya kunyonya. Ikiwa ni malalamiko ya jirani, anza na uzito, nyufa na kiwango cha sauti.

2. Fanya yasiyogharimu. Geuza spika zisielekee nyumba za watu. Zishushe kutoka juu ya nguzo. Ondoa besi baada ya saa mbili usiku. Sogeza mashine: mahali palipo wazi, umbali ukiongezeka mara mbili kelele hupungua kwa takriban desibeli 6.

3. Ziba nyufa za milango, madirisha na paa kwa mpira kabla ya kununua kitu kingine chochote.

4. Muulize muuzaji ripoti ya maabara ya kunyonya sauti. Nambari yake huwa kati ya 0 na 1, na inapaswa kuonyeshwa kwa sauti nzito na nyembamba kando kando. Nambari moja kubwa bila maelezo inaweza kuficha udhaifu kwenye besi.

5. Dai ripoti ya jaribio la moto ya bidhaa hiyohiyo unayouziwa. Neno la muuzaji kwamba "haishiki moto" si ripoti. Asipokuwa nayo, usinunue.

6. Kabla ya kubandika chochote katika ukumbi wa umma, omba afisa wa zimamoto wa kaunti akague. Hakikisha milango ya dharura inafunguka kwa nje na haijafungwa kwa kufuli.

7. Kwa hema au ukumbi wa mabati usio na kuta nzito, fahamu kwamba nyenzo hizi hazitamkinga jirani. Hapo dawa ni kiwango cha sauti na saa za shughuli.

Ukisumbuliwa na kelele

Zungumza kwanza na mwenye shughuli, kwani wengi hawajui sauti yao inafika wapi. Kelele ikiendelea, andika tarehe, saa na mahali, kisha upeleke malalamiko kwa afisa wa mazingira katika kaunti ndogo yako, au umwone msimamizi wa wadi akuelekeze. Malalamiko yanaweza kupelekwa NEMA pia. Afisa hupima kwa kifaa maalum. Programu ya simu inaweza kukupa picha ya awali, lakini kipimo cha afisa ndicho kinachotegemewa.

Wenye biashara, viongozi wa dini na kamati za shule wanaotaka ushauri kabla ya kujenga au kukarabati wanakaribishwa katika ofisi ya mazingira na ya zimamoto za kaunti. Njooni na mchoro wa jengo na sampuli ya nyenzo mnayokusudia kutumia.